Andika Upate Maksi, Lakini Usiamini

Nafundisha Baiolojia sekondari, na Jumapili nipo na vijana wa usharika wetu. Kwa hiyo suala la mageuko, yaani fundisho kwamba viumbe hai, binadamu wakiwemo, walibadilika taratibu kutoka viumbe vya kale, hunifikia kwa njia mbili: darasani likiwa mada ya Kidato cha Nne, kanisani likiwa malalamiko ya wazazi. Vijana wengi huja wakiwa tayari na jibu walilopewa nyumbani: "Andika upate maksi, lakini usiamini."

Wazazi wenzangu, jibu hilo tuliache. Najua linatolewa kwa upendo. Lakini anachojifunza kijana ni kwamba imani yake haiwezi kustahimili kitabu cha shule, na kwamba si vibaya kuandika unachokiona uongo, mradi upate A. Akifika chuo kikuu atakutana na wahadhiri wenye hoja nzito kuliko zangu, na huko mama hayupo wa kumnong'oneza.

Ukitaka kupinga, kwanza ujue unachopinga. Nimesikia mara nyingi mimbarani kwamba kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa mabaki ya viumbe kwa kaboni iliyobaki ndani yake, ni cha uongo, kwa hiyo na mamilioni ya miaka wanayotaja wanasayansi ni uongo. Tatizo ni kwamba hakuna anayepima mamilioni kwa kaboni. Kaboni inayopimwa hupungua kadiri miaka inavyopita, na baada ya miaka kama 50,000 inakuwa imekwisha karibu yote. Nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili kama binadamu, zilizochimbuliwa na timu ya Mary Leakey miaka ya 1970, zilikadiriwa kuwa na miaka milioni 3.6 hivi kwa njia nyingine kabisa. Jivu la volkano lina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni inayonaswa ndani ya madini. Ukijua kasi ya kugeuka kwake, unapima kiasi cha gesi, unapata umri wa jivu.

Kijana aliyeelewa hayo akisikia mahubiri ya kaboni, hataitilia shaka Laetoli. Atamtilia shaka mhubiri, na shaka hiyo haitaishia kwenye mawe. Agustino, askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo, alionya jambo hilohilo miaka 1,600 hivi iliyopita: asiyeamini akimsikia Mkristo akikosea mambo ya nyota na dunia kwa jina la Maandiko, atamwaminije kuhusu ufufuo?

Upande wa pili nao uangaliwe. Kuna wanaosambaza kila ujumbe wa "sayansi yathibitisha Biblia" kabla hata ya kuusoma hadi mwisho. Georges Lemaître alikuwa padri wa Ubelgiji na mwanafizikia; mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kama atomu moja. Papa Pius XII alipohutubia mwaka 1951 kana kwamba hapo uumbaji umepata ushahidi wa kisayansi, Lemaître hakufurahia. Nadharia yake aliitaka ibaki fizikia. Namwelewa: nadharia hurekebishwa, na ukiifanya nguzo ya imani, siku ikirekebishwa utafanyaje?

Mimi mwenyewe nakubali mageuko, na Imani ya Mitume naikiri bila kumung'unya maneno. Mchungaji wangu hakubali mageuko. Tumebishana sana, na bado ananiachia kipindi cha vijana. Hilo nalo vijana waliona, na nadhani limewafaa kuliko hoja zangu zote.

Swali linalonisumbua si umri wa dunia. Ni Adamu: kama binadamu walitokea taratibu, kundi zima, dhambi iliingiaje kwa mtu mmoja? Wasomi wa Biblia wana majibu kadhaa, na hakuna ninaloweza kumpa kijana nikasema limemaliza. Humwambia hivyo waziwazi, kisha tunafungua Warumi sura ya 5 na kuisoma mstari kwa mstari. Tenga muda wa kutosha. Sisi kwa kawaida tunakatizwa na kwaya inayotaka chumba.