Ng'ombe wa Highland: mshike mbavu kabla hujasifia rangi

Nilipoanza kibarua katika shamba moja la ng'ombe wa Highland, aina ya ng'ombe wa Uskoti wenye manyoya marefu, magharibi mwa Uskoti, wiki ya kwanza tu nilishajichagulia kipenzi: jike wa manjano, manyoya ya usoni yamemfunika macho. Kila asubuhi nikimpelekea majani makavu nilimwona mnene, ananawiri.

Februari mwenye shamba akaniambia nimpapase. Vidole vikazama kwenye manyoya marefu ya juu yenye mafutamafuta, vikapita yale ya ndani, mafupi na laini kama sufi, vikagota kwenye mbavu. Nilizihesabu moja moja. Ng'ombe wangu alikuwa amekonda, na manyoya yalikuwa yamemfichia siri yake. Nilipoyatenganisha shingoni, nikakuta chawa. Roho iliniuma sana, maana nilikuwa naye kila siku.

Kwa hiyo, wewe unayekuja kufanya kazi na ng'ombe hawa: manyoya ya juu hufika sentimita 30, usiyaamini. Wakati wa baridi mshike kila mmoja mbavuni, mgongoni na kwenye shina la mkia. Ukimwona anajisugua sana kwenye nguzo, mfunue manyoya siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Tulimwongezea chakula na kumtibu chawa, akapona. Mei akazaa, na ndama akatoka mweupe! Dume aliyempanda alikuwa wa manjano kama yeye, nikadhani kuna dume la jirani limeruka uzio. Hapana. Manjano ni wekundu uliopunguzwa na nakala moja ya jeni (chembe ya urithi) ya kufifisha rangi. Ndama akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, anakuwa mweupe. Asipoirithi kabisa, anakuwa mwekundu. Weusi nao hufifia vivyo hivyo: nakala moja ya jeni hiyo humfanya ndama kijivu cha udongo, mbili humfanya wa rangi ya fedha.

Ndiyo maana nasema, ukienda kununua dume uliza na rangi za wazazi wake. Ukitaka ndama wa manjano bila kubahatisha, panda jike mwekundu kwa dume jeupe. Ila hakikisha ni jeupe kweli, si lile la fedha, kwani la fedha limebeba weusi, na kwa mbali, jua likiwaka, mimi mwenyewe nimewahi kuwachanganya.