Mbona wanampoza mtoto

Mwanangu, marahaba.

Unauliza mbona mjukuu wangu, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, amelazwa bila nguo juu ya godoro la maji baridi, ilhali mimi miaka yote wodini nilikuwa mkali kuhusu kufunika watoto. Una haki ya kuuliza. Mtoto mchanga wa kawaida hutakiwa abaki kati ya nyuzi joto 36.5 na 37.5, na baridi ya kiholela humdhuru.

Ila ubongo uliokosa oksijeni haufi kwa mkupuo mmoja. Baadhi ya seli hufa palepale. Nyingine hupata nafuu mtoto akishahuishwa, kisha saa kadhaa baadaye huishiwa nguvu tena, na safari hii nyingi haziamki. Tiba huwahi katikati ya vipindi hivyo: joto likishuka, ubongo hutumia nguvu kidogo na uharibifu hupungua kasi. Ndiyo maana walikuharakisha usaini ile fomu. Ni lazima waanze kabla ya saa 6 tangu azaliwe. Atakaa kwenye nyuzi 33 hadi 34 kwa saa 72, halafu watampasha polepole, isizidi nusu nyuzi kwa saa, kwa sababu kumpasha haraka huweza kuleta degedege.

Ule waya uliopitishwa njia ya haja kubwa ndio unaopima joto la ndani, maana ngozi hudanganya. Usimtupie khanga manesi wakigeuka. Nakujua.

Mimi naogopa zaidi homa. Katika utafiti wa Marekani wa 2005, miongoni mwa watoto wagonjwa ambao hawakupozwa, wale waliopanda joto ndio waliokufa au kubaki na ulemavu kwa wingi zaidi. Huenda homa ndiyo iliyowaumiza, au ubongo ulioumia ndio ulioleta homa; vyovyote iwavyo, hata akishapashwa, wasimwache apande joto. Wala usidai baridi zaidi: nyuzi 32 zilijaribiwa, na saa 120 pia, bila faida ya ziada.

Sikufichi, tiba hii haiwaokoi wote. Katika kila watoto 7 hivi wanaopozwa, mmoja huepushwa kifo au ulemavu mkubwa ambao ungempata. Kwangu hiyo si haba.

Kesho muulize daktari kama amepata degedege na lini atapigwa MRI, ile picha ya ubongo. Kliniki ya ukuaji utaizoea, maana hali yake kamili hujitokeza akikaribia miaka 2. Na endelea kukamua maziwa.

Mama