Kabla hujatoboa paa la RV yako ufunge sola, soma hii kwanza

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaoishi kwenye RV, yaani gari lenye nyumba ndani yake, au mnaotoka nayo likizo, naona wengi siku hizi mnanunua paneli mnapanda juu mnafunga wenyewe, safi kabisa, ila naomba nikuulize kitu kimoja tu: skrubu yako huko chini imeshika nini?

Nauliza kwa sababu yalinikuta barabara kuu ya I-80 kule Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, waliopita pale wanaujua ule upepo, hadi malori unayalaza. Nikasikia juu go! go! go! nikasimama pembeni nikapanda ngazi, nakuta paneli imenyanyuka kona moja, breketi inaning'inia na kwenye meno ya skrubu kuna ungaunga wa plaiwudi. Moyo ulinienda mbio aisee, manake nyuma yangu kulikuwa na familia kwenye gari dogo, na ile ni paneli ya kilo 7.

RV nyingi paa lake ni mpira mwembamba juu ya plaiwudi, na hiyo plaiwudi yenyewe mara nyingi haifiki hata sentimita 1, sasa skrubu ikishika hapo tu ni kama haijashika. Chenye nguvu ni kenchi zilizo chini yake, kwangu ziko kila sentimita 40 hivi. Na upepo hausukumi tu, unanyanyua, halafu kasi ikizidi mara 2 nguvu yake inazidi mara 4.

Niliporudia nilichukua sumaku nikaiburuza taratibu juu ya paa, ikawa inanasa vichwa vya misumari vimejipanga mstari, hapo ndipo kenchi ilipo, nikapiga chaki. Breketi zangu zilikuwa hazilingani na mistari, kwa hiyo nikalaza reli 2 za alumini zinazokatisha kenchi 3, paneli ikakaa juu ya reli, na kwa chini nikaacha upenyo wa sentimita 3 hewa ipite, manake sola ikipata joto sana umeme unapungua. Kwenye drili funga kitepu pale unapotaka kuishia, usije ukatoboa nyaya za dari.

Maji nayo usiyadharau. Silikoni ya kawaida ya dukani usiweke, haishikani vizuri na ule mpira na ukija kurekebisha gundi nyingine haikubali juu yake. Futa kwa spiriti, usitumie petroli, inaharibu mpira, halafu tandika tepu ya butili, ile laini inayonata na kuzuia maji, chini ya breketi, juu ya vichwa vya skrubu mwaga Dicor, gundi ya kuziba mapaa ya RV, ile inayojisambaza yenyewe.

Ukishamaliza endesha kama kilomita 80, simama, panda, shika fremu kwa mikono miwili utikise. Gari zima litikisike pamoja nayo, ila paneli ikicheza peke yake shuka ukachukue bisibisi hapohapo, usingoje kufika.