Kitenzi «passer»: lini avoir, lini être?

Ndugu, nimekuelewa: kwenye barua ya kuomba chuo umeandika «j'ai passé le DELF B1» ukimaanisha umefaulu mtihani huo wa Kifaransa, na avoir na être, vitenzi visaidizi vya wakati uliopita, bado zinakuchanganya.

Barua irekebishe kabla hujaituma. Passer un examen ni kufanya mtihani tu, hata ukifeli, hivyo msomaji anaweza kudhani bado unasubiri matokeo. Andika «j'ai réussi le DELF B1», uambatanishe na cheti.

Kuhusu avoir na être, tafuta yambwa, yaani kitu kinachotendwa. «J'ai passé deux ans à Bujumbura», nilikaa miaka miwili: yambwa ipo, tumia avoir. «Je suis passé chez toi», nilipita kwako: yambwa haipo, tumia être, na mwanamke ataandika passée. Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa hiyo tunga sentensi za maisha yako mwenyewe, usikariri orodha.

Se passer ni kutokea, ila se passer de ni kuishi bila kitu. Hiyo de usiiruke.

Barua ikiwa ya viza, mpe mwalimu wa Kifaransa aipitie kwanza. Programu za kutafsiri zinaweza kukosea kitenzi hiki.