Usimlipe mchapishaji akutolee riwaya

Ndugu yangu, umeuliza kama umpe mchapishaji shilingi milioni 2 anazotaka ili atoe riwaya yako, na utaandika saa ngapi na duka unalo. Usimpe. Mchapishaji ndiye anayetia mtaji, wewe unapata mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, aghalabu asilimia 10 hivi. Anayekuomba hela ni mpiga chapa tu. Ukimtaka, mwendee kama mteja, mkubaliane idadi ya nakala, na haki zibaki kwako kwa maandishi. Riwaya yangu ya kwanza niliilipia mwenyewe. Yakaja maboksi manne, sura ya saba imefungwa kichwa chini. Niliumia mno.

Kwanza peleka muswada kwenye tuzo za uandishi. Tuzo ya Safal, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Kwa Watanzania ipo pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023.

Kuhusu muda, mimi naamka saa kumi alfajiri, nabandika chai, naandika ukurasa mmoja mezani jikoni. Mmoja unatosha. Nami nina duka: mteja akisema "niandikie, Ijumaa Mungu akipenda," naandika deni lake, kisha maneno yenyewe nyuma ya daftari. Mazungumzo mazuri ya wahusika wangu yametoka humo. Usiku namsomea mke wangu kwa sauti. Akiacha kukuna nazi, najua sura imekaa.

Wewe umefika sura ya ngapi?