Simu ya Mkulima wa Korosho Inunuliwe kwa Pesa Taslimu

Kwa mtu anayeishi kwa korosho, ufuta au mbaazi huku kwetu Kusini mwa Tanzania, simu ya mkopo haifai. Nasema hivyo bila kupepesa macho, nikijua kwamba matangazo ya lipa kidogo kidogo yamejaa kwenye kila stendi, na kwamba vijana wanaosajili wateja ni watoto wetu wanaotafuta riziki. Sina ugomvi nao. Tatizo ninaloliona ni la majira. Mkopo wa simu unadai kila siku au kila wiki, Januari hadi Desemba. Korosho inalipa kwa msimu: minada inafunguliwa Oktoba, inaendelea hadi mwisho wa mwaka au Januari, pesa inaingia kwenye akaunti kupitia chama cha msingi cha ushirika, basi. Ufuta nao una miezi yake katikati ya mwaka. Februari, Machi na Aprili mkulima anapalilia, ananunua unga, analipia watoto shule, na hakuna anayemlipa yeye.

Mimi naishi Mtwara mjini. Ndugu zangu wa Tandahimba na Newala wakishuka na pesa ya mnada hunipitia niwasindikize dukani, na kwa miaka sasa nimeshuhudia simu za kila namna zikinunuliwa, zikikopwa na zikijifunga. Iliyonifanya niandike ni ya mjomba wangu. Aliichukua kwa mkopo msimu ukiwa mbichi, pesa ipo, akalipa vizuri hadi Februari. Machi akachelewa, ikajifunga. Kioo kikabaki kinaonyesha ujumbe wa kudaiwa tu, na ndani yake zimo namba za watu wote anaofanya nao kazi, pamoja na ujumbe wa chama chake kuhusu mgao wa salfa na viuatilifu. Alishalipa zaidi ya nusu ya deni, lakini nusu uliyolipa haikufungulii nusu ya simu. Ilibidi auze mahindi ya chakula.

Tupige hesabu, maana ndiyo inayofichwa na maneno kidogo kidogo. Chukua mfano wa simu inayouzwa taslimu shilingi 250,000. Kwa mkopo unaambiwa kianzio 60,000, kisha 1,200 kwa siku kwa mwaka mzima. Elfu moja na mia mbili haimtishi mtu, ni chai na vitumbua. Lakini 1,200 mara siku 365 ni 438,000. Ongeza kianzio, umefika 498,000. Hizo ni karibu simu mbili, na wewe una moja. Bei za kweli hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, ila njia ya kupiga ni hiyohiyo, na mkopeshaji asiyetaka kukutajia jumla yote umwache hapohapo. Kumbuka pia kwamba ikiibiwa au kioo kikipasuka, deni kwa kawaida linaendelea, labda uwe na bima iliyoandikwa kwenye mkataba.

Simu ya mkopo ina watu wake. Bodaboda anayepata pesa kila siku, wakala wa miamala, mama lishe anayepokea oda kwa WhatsApp, hao kipato chao kinatembea sambamba na marejesho, na simu yenyewe inawaingizia. Kama ni wewe, uliza mambo haya kabla ya kutoa namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA): jumla yote ni kiasi gani, nikichelewa siku tatu nini kinatokea, nikimaliza mapema napunguziwa, na nikimaliza nani anaondoa programu ya kufunga simu. Majibu yawe kwenye karatasi.

Sasa pesa taslimu inapatikanaje? Kwa mkulima jibu ni moja: itengwe malipo ya kwanza ya mnada yanapoingia, kabla ya harusi, kabla ya bati, kabla ya jirani hajaja kukopa. Ukisema utanunua kwa kitakachobaki, hakibaki kitu. Shangazi yangu huiweka kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, anaichukua anapokuja mjini. Na kama iliyopatikana inatosha simu ya laki na nusu, nunua ya laki na nusu. Itafanya miamala, WhatsApp na picha, na hakuna atakayeizima kutoka mbali.

Jambo la wakati lina uzito wake. Msimu ukifunguka, pesa inaonekana, na wauzaji wanaifuata hadi Masasi, Newala na Tandahimba. Kwa nilivyoona, kipindi hicho dukani hakuna kupunguziwa, na wachuuzi wa barabarani ndio huleta simu ambazo kesho huwapati uwadai. Mwenye subira akingoja vumbi la minada litulie, muuzaji yuleyule anakuwa na muda wa kumsikiliza na hata kumwongezea kava na protekta.

Ukiwa dukani, usianze na kamera. Anza na RAM, kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi. Kwenye boksi za simu za bei ya chini na ya kati utaona namba 8 kwa maandishi makubwa, halafu pembeni, kwa maandishi madogo, 4+4. Maana yake RAM ya kweli ni GB 4. Nne nyingine zinachukuliwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Siyo wizi, ila bei unayolipa iwe ya simu ya RAM 4. Mpwa wangu aliponiambia amepata ya 8 kwa bei ya kutupa, nilimwomba asome boksi kwa sauti. Kwa matumizi ya kawaida mimi hupendekeza RAM 4 halisi na hifadhi GB 128 kama mfuko unaruhusu. Yenye RAM 2 inatumia Android iliyopunguzwa kwa ajili ya simu zenye nguvu ndogo, na haichukui muda kuchoka. Hifadhi ya 32 inajazwa na video za makundi ya familia kabla mwaka haujaisha. Betri iwe ya 5000 mAh, ambazo siku hizi zimejaa hata kwenye simu za bei nafuu, kwa sababu umeme wetu tunaujua.

Kuhusu mtandao, ulizia nyumbani kwanza, siyo mjini. Hapa Mtwara mjini kila laini inakupa kasi. Swali ni uani kwako, Kitangari au Mahuta au Nanyamba, ni laini ipi inashika 4G na wapi unalazimika kupanda kichuguu. Simu tuliyozoea kuinunua Tanzania haina mkataba na mtandao wowote: unaweka laini yoyote, mbili kwa pamoja, na kununua bando unapotaka. Huo ni uhuru mkubwa, basi utumie kwa kuchagua laini inayofika kijijini kwenu. Usiongeze pesa kwa ajili ya 5G kama mnara wake haupo unapolala. Masafa ya chini ya mawimbi ya mtandao, kama 700 na 800 megahezi, husafiri mbali na kupenya kuta vizuri kuliko ya juu, ndiyo maana yanafaa kufikisha 4G vijijini. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kuyakosa, ikawa nzuri Mtwara mjini na bubu shambani. Nenda na laini yako, iwekwe mbele yako, upige, ufungue intaneti.

Kisha bonyeza *#06#. Zitatokea namba za IMEI, ambazo ni utambulisho wa simu, kila moja tarakimu 15, mbili kama simu ni ya laini mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu, halafu itume moja kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wa kuhakiki simu. Jibu litakutajia aina na modeli. Likitaja kitu kingine na ulichoshika mkononi, rudisha. Wenye kumbukumbu hawajasahau Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na watu wakabaki na vioo vya kujitazamia. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukihakiki. Nimewahi kumsikia mmoja akimwambia mama yangu mdogo, "Mama, hakiki tu, mimi mwenyewe ndivyo ninavyonunua," na tangu siku hiyo ndugu zangu nawapeleka kwake.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye kiasi ulicholipa, na karatasi ya dhamana igongwe muhuri na kuandikwa tarehe. Wapo wanaoagiza Kariakoo, Dar es Salaam, simu ipakiwe kwenye basi, na kweli bei huko mara nyingi ni ya chini. Lakini ikiharibika wiki ya pili, utairudisha zaidi ya kilomita 500, kwa nauli yako, kwa mtu unayemjua kwa sauti tu. Kwa tofauti ya elfu kumi au ishirini mimi nanunua hapa.

Nimeacha simu za mtumba mwisho kwa sababu ndizo zenye mambo. Marekani na Uingereza watu wengi wamezoea kupewa simu na kampuni ya mtandao kwa mkataba, mara nyingi wa miezi 24, wakilipa simu na huduma pamoja. iPhone ya kwanza mwaka 2007 iliuzwa Marekani kwa wateja wa mtandao wa AT&T peke yake, kwa mkataba wa miaka miwili. Ili mteja asitoroke, simu ilifungwa isipokee laini ya mtandao mwingine. Simu hizo zikichoka kwao zinaletwa kwetu, na baadhi zinafika na kufuli zao. Japani ilizuia ufungaji huo kwa simu mpya kuanzia Oktoba 2021, na Uingereza ikafuata Desemba mwaka huo, kwa hiyo za kutoka huko zilizouzwa baada ya hapo zina nafuu. Za Marekani bado ziangaliwe moja moja.

Kwenye iPhone fungua mipangilio, ingia General, kisha About, ushuke hadi Carrier Lock. Yanayotakiwa kusomeka pale ni maneno "No SIM restrictions". Kama yamo mengine, iache, hata kama inapiga simu wakati huo, maana kuna kijikadi chembamba kinachowekwa pamoja na laini ili kuidanganya simu, na siku ikisasishwa programu kinakufa. Jambo jingine: iPhone 14 na zilizofuata zilizouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, yaani laini isiyo ya kadi, iliyomo ndani ya simu. Kama hujahakikisha mtandao wako unakupa eSIM hapa ulipo, usilipe.

Hatari iliyo karibu zaidi na sisi ni simu ya mkopo inayouzwa kama mtumba. Miezi ile ya njaa ndipo zinapotembea mitaani, mtu ameshindwa marejesho, anaiuza haraka kwa nusu ya bei kabla haijafungwa. Inawaka vizuri, picha nzuri, wiki ijayo inajifunga mkononi mwako, na kuiflashi kwa fundi, yaani kuiwekea programu upya, mara nyingi hakuiponyi. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, mwambie mwenyewe aondoe akaunti yake, afute kila kitu kupitia mipangilio mkiwa mmekaa pamoja. Iwashe upya, iunge na intaneti ya bando lako, uingize barua pepe yako, usubiri hadi ifike mwisho. Ikidai akaunti ya mwanzo, siyo yake au hataki iwe yako. Likitokea jina la kampuni ya mikopo, au maandishi kwamba simu inasimamiwa na taasisi, mrudishie kwa heshima uondoke. Anayesema hana muda wa kusubiri, naye mwache.

Ikipita hapo, andikishaneni. Karatasi iwe na majina yenu, namba zenu za kitambulisho, IMEI zote mbili, bei na tarehe, na mashahidi, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Simu iliyoibwa inaweza kuripotiwa polisi na kufungiwa IMEI, na polisi wakija watakuuliza wewe uliyenayo. Nakili IMEI kwenye daftari la nyumbani pia, siyo ndani ya simu hiyohiyo. Boksi na risiti vikae pamoja na kitabu cha benki, mahali panya hawafiki.