Mzee ana presha 160/100 na kagoma dawa: nikueleze yaliyotukuta sisi

Mkuu umeuliza ufanyeje, mzee wako wa miaka 54 kakutwa na presha 160/100, kapewa dawa kagoma, anasema haumwi popote na tena hizo dawa ukizianza ndo huachi mpaka kufa. Ngoja niandike kirefu maana maneno hayo hayo baba yangu aliyasema mwaka 2011 na sisi watoto tukamwitikia, kwa sababu kweli alikuwa mzima, analima, anaendesha baiskeli mpaka Kilosa mjini na kurudi.

Presha haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi hajui huku inakula mishipa ya figo, moyo na macho taratibu. Baba alimeza vidonge mwezi mmoja akaona yuko poa akaacha. Mgongo ulikuwa unamsumbua kwa ajili ya jembe, akawa ananunua diklofenaki duka la dawa kila wiki, miaka na miaka, na hakuna aliyetuambia kwamba hizo dawa za maumivu zinapandisha presha na zinaumiza figo. Mwaka 2018 miguu ikaanza kuvimba, tukasema uchovu, tukahangaika na mitishamba miezi mitatu. Alipoanza kutapika na kuwashwa mwili mzima ndo tukampeleka hospitali, daktari akasema figo zote mbili zimefeli.

Hapo ndo nilijua ugonjwa wa mtu mmoja ni wa ukoo mzima. Tukamhamishia kwangu Kimara maana kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, masaa manne manne kwenye mashine, huwezi kusema utakuwa unatoka Kilosa. Bima hakuwa nayo. Tulikuwa tunalipa 180,000 kila akienda, piga hesabu mwenyewe, wiki ni 540,000, na hapo hujaweka sindano za kuongeza damu, vipimo na bajaji. Dada akauza kiwanja, mimi mkopo wa kazini, shamba la ekari mbili likaenda, mama akabaki kijijini peke yake anauza kuku. Kuna wiki tulikosa hela akaenda mara moja tu, usiku wa Jumapili maji yakamjaa kwenye mapafu, anakaa kitako anahema kama aliyekimbizwa, sitasahau usiku ule.

Na maji yenyewe ya kunywa anapimiwa. Mtu aliyezoea kumaliza jagi la togwa akitoka shamba unampimia nusu lita kwa siku nzima na jua la Dar hili. Siku moja nilimkuta anambembeleza mwanangu amletee barafu kwenye friji, nikatoka nje nikalia.

Tukaulizia kupandikiza figo, Muhimbili walishaanza mwaka 2017. Mdogo wangu wa kiume, miaka 31, akasema atatoa yake. Kwenda kupimwa, presha 152/98! Hakuwa anajua chochote. Wakamwambia hawezi kutoa figo, ila aanze matibabu yake mwenyewe. Baba aliposikia alinyamaza muda mrefu, akamwambia, "Mwanangu, wewe meza."

Tulikwenda naye mwaka mmoja na miezi minne, Mungu akamchukua.

Mdogo wangu mpaka leo anameza kidonge kimoja cha presha kinaitwa amlodipini kila siku, kwa mwezi haimalizi hata elfu kumi, chumvi kapunguza, kitambi kimepungua, presha inacheza kwenye 125/80. Kwa hiyo hilo la "ukianza huachi" mwambie mzee hivi: dawa haimfungi mtu, ugonjwa ndo unabaki, dawa inauzuia. Wapo wanaopunguza uzito na chumvi mpaka daktari anawapunguzia dozi, lakini anapunguza daktari, sio wewe kwa kujisikia.

Usigombane naye. Mpeleke apimwe tena presha siku mbili tatu tofauti, akae kimya dakika tano kabla, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Omba wampime kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi), sukari, na mkojo kama una protini, maana figo hazilalamiki mapema na hicho kipimo cha mkojo ni cha bei ndogo sana. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu na ile iliyomo kwenye viungo vya pakiti na dagaa wa chumvi. Dawa za maumivu asijinunulie. Na wewe na ndugu zako mpimwe siku hiyo hiyo, hii kitu inatembea kwenye familia.

Vidonge alivyopewa usiache vitupwe, muulize leo viko wapi. Majibu ya kreatinini yakitoka rudi hapa uniambie, nipo.